Ndala Ndani ya Tairodi

Hawa,

Miezi kumi na moja, mke mwenzangu! Kutoka Mbagala hadi hapa ni basi moja tu la mwendokasi, tena linakushusha Gerezani, ukivuka barabara tu unasikia harufu ya maandazi yangu. Idi zote mbili hukuja. Niliposhikwa na mgongo ulinitumia "pole bibi" kwenye simu ya jirani, kama unavyompa pole mtu uliyemkuta msibani hata jina lake hulijui. Halafu Alhamisi nasikia honi mlangoni, natoka mbio huku najifunga khanga, roho inaruka, mjukuu wangu kaja kuniona. Neno lako la kwanza likawa, "Bibi, una gogo la kuwekea jeki?" Shikamoo yako ilikuja baadaye, tena kutoka chini ya lori, nikaiitikia huku naangaliana na nyayo zako. Ulikifuata kiwanja cha kutengenezea lori, bibi ukamkuta tu.

Basi nimekasirika, na nakuambia mapema usije ukadhani natania. Barua hii umeikuta kwenye kiti cha dereva. Juu yake kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa, usikifungue kwanza. Na najua umeshaona lori lako limekaa juu ya magogo, gurudumu la mbele la kushoto halipo. Usipige kelele mtaani. Ni mimi.

Kesho alfajiri ulisema unaondoka, unahamia Njombe kubeba viazi vya watu, na ukirudi huku ni Mungu anajua lini. Mtu mwingine angekuandikia uvae sweta, ule vizuri, usilale na dirisha wazi. Hayo unayajua, nilikufundisha mwenyewe tangu mama yako alipokuacha hapa una miaka minne. Mimi nakuandikia kuhusu jana. Na kuhusu jambo ambalo sijamwambia binadamu yeyote. Shule sikwenda, herufi nilizijifunza kwenye maboksi ya spea na magazeti ya kufungia maandazi, kwa hiyo mstari ukipinda upindie na wewe shingo, usome.

Jana, baada ya watu kutoka msikitini, ulinipandisha kwenye hiki kiti, na umri wangu huu, ukaniambia nishike stelingi nitikise kushoto na kulia, wewe uko chini umeweka kiganja kwenye kila kiungo cha vyuma vyake usikie kipi kinacheza.

"Tikisa, bibi!"

"Natikisa! Kwani huku juu unadhani nafanya nini, nacheza ngoma?"

"Kidogo kidogo, usizungushe."

"Amua. Nitikise au nisitikise?"

Mafundi wa ng'ambo ya barabara wakaacha kazi zao. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, abiria tumejaa, ondoa gari!" Nikamjibu ashuke akamlete na mama yake. Nilicheka, Hawa. Sikuwa nimecheka hivyo muda mrefu.

Nikakutazama unavyofanya kazi. Ulikigonga kiungo kwa nyundo mbili, moja huku na moja kule, kwa pamoja, mpaka kikaachia chenyewe bila kuumiza chuma. Ukakifungua kwenye tairodi, kile chuma kirefu kinachogeuza magurudumu ya mbele, huku unahesabu mizunguko kwa sauti, ukaiandika ukutani kwangu kwa chaki, kumi na sita, ili kipya kiingie palepale na gurudumu lisiangalie pembeni. Nimewamiminia chai mafundi wa hapa miaka arobaini na zaidi, na wengi hawahesabu. Nikasema moyoni, huyu amelelewa na mimi.

Viungo vinne vilikuwa vimekwisha. Vitatu ulinunua vipya dukani kwa Mangi, vikaja kwenye maboksi yake. Cha nne ni kile cha mwisho wa tairodi upande wa kushoto, chenye jino linalofunga kinyume. Mangi alikuambia hana, kitafika Jumatatu. Wewe Jumatatu ulitaka uwe Njombe. Basi ukaingia ndani ndani huko vibandani, ukarudi na kitu kwenye gazeti, kimepakwa rangi nyeusi kinang'aa, umekiinua juu.

"Hiki ni yuzdi, bibi, lakini orijino. Bora orijino iliyotumika kuliko mpya feki."

Maneno hayo nayajua. Yanasemwa hapa Gerezani na Kariakoo yote, na aliyeyasema anajiona mjanja kuliko aliyenunua boksi. Nikakuomba nikishike. Nikakitikisa, kimya. Kimekaza. Kimekaza kuliko vile vitatu vipya. Nikakigeuza nikaangalia kifuniko cha chini, na pembeni yake pote nikaona alama za nyundo, ndogo ndogo, zimeuzunguka ukingo kama meno.

Nikakuambia, "Usikifunge hicho."

"Kwa nini?"

"Sikipendi tu."

Ukacheka. Ukasema, mbele ya wale wote, "Bibi bwana! Wewe umeuza chai, spea umezijulia wapi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikakurudishia, nikaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu. Nyuma yangu nikasikia unakaza nati.

Umeniuliza spea nimezijulia wapi. Haya.

Nimezijulia hapahapa. Mama yako alikuwa bado ananyonya. Babu yako alikuwa anaendesha lori la mtu, anakwenda Kisarawe anarudi na mkaa na mihogo, na mimi nilikuwa na birika langu pembeni ya gereji. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kibanda, tukimwita Mzee Kipara, ameshakufa. Alikuwa anaokota viungo vibovu vilivyotupwa na mafundi, na mimi wateja wakipungua ananipa niviloweke kwenye mafuta ya taa, nivisugue kwa brashi, nivipake rangi. Niliona ni kazi safi kama kuosha vyombo. Lakini kiungo kilichoisha hata ukikiosha kinajisema. Ukikitikisa kinagonga, kwa-kwa-kwa, mnunuzi anakirudisha.

Siku moja ndala yangu ilikatika. Nimekaa naikata kata kwa kisu bila sababu, nimetoa kipande cha duara kama sarafu, nikamwambia Mzee Kipara kwa utani, fungua hicho kifuniko, weka hii chini ya hilo tufe la chuma la ndani, gonga kifuniko kirudi. Akajaribu. Kikakaza! Mzee alisimama akacheza pale kibandani, akaita watu, akasema kuanzia leo huyu si mama chai, huyu ni Injinia Mwantumu.

Hawa, wewe umekaa darasani. Hujui mtu ambaye hajawahi kukalia dawati anavyojisikia akiitwa injinia na wanaume wenye spana mikononi. Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo barabara yote. Nilikata ndala za mtaa mzima. Yangu ilikatika kisigino, ya jirani ilikatika kidole, nakusanya, nakata, naweka, nagonga. Sikuwahi kujiuliza vinakwenda wapi. Vilikuwa vinaondoka kwenye gazeti, basi.

Kiungo kile ukikitikisa kwa mkono kimetulia. Kikipata mzigo, joto na mashimo, ndala inasagika ndani kwa ndani. Tufe linapata nafasi. Halafu siku isiyojulikana linachomoka, na gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe, dereva amebaki na stelingi mkononi kama sinia.

Alasiri moja babu yako akaja na kitu kwenye gazeti. "Nimepata orijino," akasema. Akanipa nikishike huku anatafuta spana. Mimi ni wa mkono wa kushoto, unajua. Nyundo yangu ililaza meno upande mmoja, hakuna mwingine pale aliyegonga vile. Nikaitambua kazi yangu kama ninavyoutambua mshono wangu kwenye nguo. Akaniomba kitambaa afute mikono.

Nikampa kitambaa.

Ndicho nilichofanya. Ningemwambia angejua mke wake anafanya nini mchana. Angekwenda kumpiga Mzee Kipara, watu wangejaa, na Injinia angeishia palepale. Nikajiambia ni safari moja tu, akirudi nitamtafutia kingine, nitabuni sababu. Safari moja. Akakifunga mbele yangu, akaimba.

Ilikuwa mteremko wa Pugu. Lori liliacha barabara likaingia korongoni na mkaa wote. Mungu alimrudisha, lakini goti halikukunjika tena, na stelingi hakushika tena mpaka anakufa. Mwenye lori akaja hospitali, wakaja na wengine, swali lao lilikuwa moja, "Ulisinzia?" Alisema hapana. Wakauliza tena. Hapana. Chuma kilikuwa kimepondeka, hakuna aliyekiangalia. Walipouliza mara ya kumi akasema labda. Mwaka ulipopita alikuwa anawasimulia wageni mwenyewe, "Nilisinzia bwana, usingizi mbaya." Mtaa ukampa jina, Msinzia. Wewe ulipoletwa hapa ulimwita Babu Sinzia, naye akacheka na kukubeba, na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo nachambua mchele.

Unakumbuka alivyokuwa halali mchana? Hata akiwa na homa. Anakaa kwenye kiti wima, macho yanamfunga, anajifinya paja. Ulikuwa unaniuliza kwa nini babu halali, nikakuambia ndivyo alivyozoea. Alikuwa anatuonyesha, Hawa. Alikuwa anatuonyesha sisi wa nyumbani kwamba yeye anaweza kukaa macho. Miaka ishirini na tisa nilimkanda goti lile kwa mafuta kila jioni, na mdomo nimeufunga. Mara nyingine ananishukuru. Ananiambia, "Mwantumu, wewe umenivumilia." Mimi!

Mzee Kipara sikumfanyia kazi tena tangu siku ile. Watu waliniuliza, Injinia vipi, nikasema macho. Nikarudi kwenye birika. Lakini jana nilipokigeuza kiungo chako nikaona meno, si ya mkono wangu, yamelala upande mwingine, nikajua ujanja wangu una wajukuu wengi kuliko mimi. Kuna mtu huko vibandani anakata ndala leo hii, na hajui ni nani aliyebuni upuuzi huo. Na mjukuu wangu mwenyewe kakinunua, kakileta kwangu, kaniuliza nimezijulia wapi spea. Na mimi nikanyamaza mara ya pili! Sikulala nikijiuliza ni mwanamke gani huyu anayepewa jambo lilelile mara mbili analifanya vilevile.

Asubuhi ulipotoka kwenda Kariakoo kununua turubai, nilivuka barabara nikamshika mkono Fundi Kombo, yule aliyetaka niondoe gari. Nikamwambia aache kazi aje. Akalegeza nati, akagonga, akakitoa, akakibana kwenye jiliwa akakifungua kifuniko kwa patasi. Kipande cha ndala kikadondoka chini. Duara, cha bluu, kimeshaanza kuliwa upande mmoja kwa kubanwa tu, na gari halijatoka hata uani.

Kombo akakaa chini. Akasema, "Bibi, umejuaje?"

Nikamwambia nimeoteshwa.

Umeona? Asubuhi hii hii! Ndiyo maana naandika. Ukirudi na turubai lako utaniangalia na macho hayo ya babu yako, nami nitaanza kukuuliza kama umekula. Kwa jambo hili mdomo wangu umeshazoea kukwepa, siuamini.

Sasa fungua kitambaa. Ni chenyewe, na kipande chake. Kishike. Milima ya kwenda Njombe ungeishuka na hicho.

Hasira yangu na wewe ni hii. Ulijua Jumatatu kitapatikana kipya. Uliona aibu kumpigia mwenye viazi umwambie utachelewa siku mbili, akakuona dereva mwanamke hana uhakika. Nimekuelewa sana, kupita unavyodhani. Mimi nilitaka kuitwa injinia, wewe unataka kuitwa dereva asiyechelewa. Basi nimempigia mimi. Namba ilikuwa kwenye karatasi hapo juu ya dashibodi. Nimemwambia dereva wako anabadilisha kiungo cha stelingi, atatoka Jumanne alfajiri. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mke mwenzake. Akacheka sana, akasema viazi bado viko ardhini, havina pa kwenda. Siku mbili tu, Hawa. Kilichokuwa kinakushinda kilikuwa simu.

Na hasira ya pili ni kicheko chako. Sikukatazi kunitania, utani ni haki yako, mimi ni bibi yako. Lakini nilikishika kile chuma nikabadilika uso, na wewe unanijua uso wangu tangu una miaka minne, uliuona. Nikasema sikipendi tu. Mtu kama mimi akisema sikipendi tu, mkamue. Mwulize mara ya pili na ya tatu, mtukane ikibidi, mfuate mpaka jikoni. Babu yako angenishika mkono siku ile akaniuliza "Mwantumu, una nini?" ningemwaga yote. Aliniomba kitambaa. Simlaumu. Namlaumu nani sasa? Mimi.

Nami nina woga mmoja, nikuambie wazi. Unaweza ukasoma haya ukaniona mwingine. Ukaona mikono iliyokuogesha ndiyo ilikuwa inakata ndala. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi, mara mbili nimeichukua barua hii niichane, gurudumu nilirudishe. Lakini nimeona afadhali unichukie ukiwa hai Njombe. Ukitaka kunisusa, nisuse, hukuwa unakuja hata kabla ya kujua.

Gurudumu liko chumbani kwangu, chini ya kitanda. Nati zake ziko kwenye kopo la majani ya chai. Jumatatu Mangi ameniahidi boksi lenye jino la kushoto, ukilifungua lifungulie mbele yangu. Kumi na sita yako bado iko ukutani, nimemkataza Kombo asiiguse. Mimi nikishamaliza hapa nakwenda na Kombo kwa huyo aliyekuuzia. Sina haja ya kugombana naye. Nataka nimwekee mezani kipande kinachofanana na hicho chako, nimekikata kwenye ndala yangu mwenyewe, nimwambie ni nani aliyekibuni na kilimfanya nini mume wake. Akitaka kucheka, acheke.

Na ukija tena, iwe kabla ya Ramadhani, tutakwenda makaburini kwa babu yako, mimi na wewe tu. Njoo na jembe dogo, nyasi zimeota. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba hakusinzia. Wewe kaa karibu yangu, na ukiona nimeanza kuzungumzia nyasi, au jua, au nani kazikwa pembeni, nifinye. Nifinye mpaka niseme.